Hesabu za Mfuko Wake

Watu wa chama cha akiba walimwita Fundi, kwa kuwa ndiye aliyewaandikia programu ya kuhesabia fedha zao. Programu hujaribiwa kabla ya kuanza kazi, naye aliijaribu kwa mia tano, elfu mbili, elfu kumi na tano. Nani angemlaumu? Mama yake alimlea kwa kufua nguo za watu, na hizo ndizo hesabu alizozijua. Mamilioni aliyasikia redioni tu.

Mtunza fedha wa chama alikuwa mzee aliyebandikwa jina la Kamili, maana kila alipofunga sefu alitamka neno hilo kwa sauti, utadhani sefu ina masikio. Ijumaa moja mkaguzi alikuja bila taarifa. Kompyuta ilionyesha milioni themanini na nne na ushee. Fedha za kwenye sefu zikapungua shilingi tatu.

"Tatu tu?" Fundi aliuliza.

"Haba na haba, mwizi hujaza kibaba," mwenyekiti alijibu. Barua ya kumfukuza Kamili ilishachapwa, ingesainiwa saa nane. Miaka thelathini na moja ya kazi! Na kalamu yenyewe mwenyekiti aliiazima kwa mzee huyo huyo.

Fundi alirudi mezani kwake. Aliandika milioni themanini na nne kamili, akaongeza tano. Kompyuta ikaongeza nane. Akarudia, nane. Aina ya namba aliyoichagua ilishika vizuri tarakimu saba hivi za mwanzo; zilizobaki ilizikadiria. Kwa elfu mbili haikosei. Kwa mamilioni, kila amana iliingia na kosa lake dogo, na makosa yakarundikana.

Angeweza kurekebisha kimyakimya. Lakini mama yake hakuchoka kumwambia kwamba mficha uchi hazai.

"Mzee hajaiba," alimwambia mwenyekiti saa nane kasorobo. "Kosa ni langu."

"Unajua unachosema? Mkataba wako tutaufuta."

"Ufuteni. Lakini tuhesabu tena kwanza."

Na kweli waliufuta, wiki iliyofuata. Lakini Ijumaa ile ile alibadilisha aina ya namba, akachagua isiyokadiria hata tarakimu moja, akaziingiza upya amana zote. Sefu ikahesabiwa mbele ya mkaguzi. Safari hii fedha hazikupungua. Zilizidi ishirini na tisa.

"Na hizi zimetoka wapi?" mkaguzi alishangaa.

Kamili aliinamisha kichwa. "Ni zangu. Kila mwezi nilikuta pungufu, nikajazia kutoka mfukoni. Mwezi huu mmeniwahi."

"Kwa nini hukusema, baba?" Fundi aliuliza.

"Nilidhani ni uzee, mwanangu. Nilidhani sijui tena kuhesabu."

Fundi alishindwa kumtazama. Alizitenga zile sarafu ishirini na tisa, akazisogeza mbele ya mzee.

"Zihesabu wewe."

Mzee alizihesabu moja moja, bila haraka, mkaguzi na mwenyekiti wakisubiri.

"Kamili," alisema.