Kiti cha Mama Fanny

Mama Fanny alizaliwa kando ya maporomoko, katika familia ya wavuvi, na tangu nimjue anauza samaki wa moshi katika soko letu la Tshopo. Ndiye aliyetuletea desturi ya kubebeana viti.

Katika chama chetu cha wauzaji hatupigi kura kwa karatasi, maana wengi wetu hatukusoma. Wagombea uongozi wanasimama mbele, kila muuzaji anaweka kiti chake cha sokoni nyuma ya anayemtaka, na viti vinahesabiwa. Mwaka mmoja boti la Mama Fanny lilikwama kwenye mchanga karibu na Isangi. Akatuma neno, jirani akambebea kiti. Aliporudi alisema, "Mutu akiwa njiani, iko mutu bado." Tukakubali. Hakuna aliyeuliza jirani mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Mimi nilijifunza kuuliza. Miaka miwili iliyopita nilikuwa Ubundu, nangoja treni ambayo haikuja. Nilikuwa nimemwachia wifi yangu Sandrine kiti changu, akiweke kwa mgombea wangu, Angélique. Akakiweka kwa mpinzani wake, Colette. Colette akashinda kwa kiti kimoja, na juma lililofuata akampa Sandrine nafasi yangu chini ya paa la soko. Nilipolalamika waliniambia, "Kiti chako tulikiona wote." Tangu hapo nauza nje, jua langu na mvua yangu.

Mwaka huu Angélique alisimama tena, akaniahidi kunirudisha chini ya paa. Siku mbili kabla ya kura Mama Fanny akaniita kwake. Mguu wake ulikuwa umevimba, hata mlangoni hafiki.

"Mama Bavon, utanibebea kiti."

"Kwa nini miye? Uko na watoto wa dada yako hapa."

"Wale unawanunua kwa sukari. Wewe haupendi mutu. Donc, basi, hakuna wa kukununua."

"Nikiweke wapi?"

"Kwa Colette. Nilipougua, yeye ndiye alinifikisha hospitali."

Anajua vizuri Colette alinitenda nini. Sikujua kama ananijaribu au ananicheka.

Siku ya kura nilifika wa mwisho. Kwa Colette vilikuwa viti ishirini, kwa Angélique kumi na tisa. Nikaweka changu kwa Angélique, vikalingana. Mkononi kikabaki kile cha Mama Fanny, chenye mguu uliofungwa kwa kamba ya wavu. Kikienda kwa Angélique, ninarudi chini ya paa.

"Na hicho cha mgonjwa, wifi?" Sandrine akauliza kwa sauti, wote wasikie. "Hakitapotea njia?"

Wachache wakacheka. Nikamtazama, yeye aliyekalia nafasi yangu miaka miwili, nikaona kitendo chake kinaningoja mikononi mwangu. Nikaweka kiti cha Mama Fanny kwa Colette. Si kwa wema. Sikutaka kufanana naye.

Nilipokuwa natoka, Pélagie, jirani wa Mama Fanny, akanishika mkono. "Usikasirike, yaya, dada yangu. Mama Fanny alinituma nitazame utakiweka wapi."

Nikapeleka kiti moja kwa moja kitandani kwa Mama Fanny.

"Nani ameshinda?" akauliza.

"Pélagie atakuambia. Si ni yeye macho yako?"

Hakuona haya. "Keti, Mama Bavon."

"Kama Colette angeshindwa, na Pélagie hayuko pale, ungeniamini?"

"Hapana," akasema.

Sasa Colette anataka mtu mmoja aruhusiwe kubeba viti vitatu, na walioko mbali, kama Yanonge, watume neno tu kwa boti. Wenzangu wanasema ni vizuri, wagonjwa na wasafiri wasipoteze sauti yao. Ni kweli: bila mimi Mama Fanny angekuwa bubu siku ile. Lakini mtu akibeba viti vitatu vya walio mbali, macho ya nani yatamfuata kama ya Pélagie? Siku ya kuamua nitakataa mbele yao wote, nao watasema ni uchungu wa paa.

Wacha waseme. Kiti changu siku hizi simwachii mtu; nalala nacho ndani.