Kocha Aliyekula Kwetu

Mguu wa kushoto ulianza kuuma mwezi wa tisa, 2018, nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Maumivu yalikuwa kwenye ugoko, mahali padogo ambapo ningeweza kupafunika kwa dole gumba. Nikitembea hayakuwapo. Nikiruka yalikuja, na nikitua yalinipanda mpaka kwenye meno. Mchezo wangu ulikuwa miruko mitatu: unakimbia, unaruka mara tatu mfululizo, unaangukia mchangani. Mruko wa kwanza niliuanza kwa mguu wa kushoto na kutua kwa huohuo.

Sikumwambia mtu. Mama yangu ni nesi, anaweza kutambua homa ya jirani kwa kumsikia tu akisalimia, na mimi nilikaa naye nyumba moja nikimficha kwa soksi ndefu. Siku moja jikoni alikuwa akimsema mama mmoja wa kanisani aliyekaa na uvimbe mwaka mzima kimya. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema, huku akikata vitunguu. Nilitoka nikaenda kukaa bafuni mpaka moyo ukatulia.

Niliogopa kwa sababu vyuo viwili vilikuwa vinanitaka. Kimoja kilikuwa chuo kikuu kikubwa huko Houston, saa nne na ushee kwa gari kutoka kwetu Mansfield, hapahapa Texas. Kingine kilikuwa kidogo, upande wa Fort Worth, dakika arobaini tu. Kile kikubwa kingenisomesha bure maadamu naruka, na makubaliano yangeangaliwa upya kila mwaka. Kile kidogo kilinipa msaada kwa ajili ya alama zangu za darasani. Miguu yangu haikuhusika. Mtu mwenye akili timamu na mguu mbovu angejua pa kwenda. Lakini sikuweza kueleza kwa nini nataka kile kidogo bila kuutaja mguu, na nikiutaja, niliogopa nitakosa vyote.

Mwezi wa kumi tulikwenda Houston kukiona kile kikubwa. Tulilala kwa shangazi, mtaa wa Sharpstown, na asubuhi jirani yake, dada wa Kikenya, alikuja kuniangalia kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Aki nyinyi WaTZ!" alisema. "Kukimbia mmetuachia, sasa mme-decide ni kuruka?"

Tulicheka. Shangazi akasema kofia za chuo hicho zinavaliwa hata na mabosi wa kazini kwake, hicho kingine nani anakijua? Baba akatabasamu. Niliona jinsi alivyolipenda neno lile, mabosi.

Huko chuoni nilizungushwa na msichana wa mwaka wa pili, mrukaji kama mimi. Alinionyesha uwanja, bwawa la barafu, ukumbi wa kulia, na mwisho chumba chenye mashine ya kupiga picha mifupa. Kijana wa zamu alieleza kwa fahari kwamba kila Agosti wanamichezo wapya wote hupigwa picha kuanzia kiunoni kwenda chini. "Hatupendi kushtukizwa," alisema. Nilichekelea mpaka mashavu yakaniuma.

Tukiwa njiani kurudi uwanjani nilimuuliza yule msichana, nikijifanya sina haja, mtu akiumia inakuwaje. Alisema mwenzake wa chumbani aliumia mgongo mwaka uliopita. Alimaliza mwaka, kisha akaondoka.

"Alikwenda wapi?"

"Sijui," alisema, akaendelea kunionyesha makabati ya wachezaji.

Nilirudi na hiyo sijui yake njia nzima hadi Mansfield. Baba alikuwa akiendesha huku akiimba.

Kile chuo kidogo tulikwenda wiki iliyofuata. Kocha wake alikuwa mama wa makamo aliyesawazisha mchanga kwa reki yeye mwenyewe. Aliniuliza ninataka kusomea nini, swali ambalo tangu nianze kuvuka mita kumi na mbili hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema biolojia, ili tu niseme kitu. Akanipeleka maabara, akaniacha na mwalimu mmoja kwa saa nzima. Huko sikuogopa, na hilo nalo lilinitisha, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza.

Mwezi wa kumi na moja kocha wa Houston akaja nyumbani kwetu, Jumapili baada ya kanisa. Mama alipika pilau na kuku wa nazi. Kocha alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, akala, akaongezewa, akala tena, akasifia kachumbari. Baba alifurahi kama aliyetembelewa na waziri.

Hapa inabidi nieleze jambo. Kwetu mgeni haambiwi hapana akiwa mezani. Baba alilelewa hivyo. Akiombwa jambo chakula kikiwa mbele ya watu, anasema haina shida, na kesho yake, kwa simu au kwa kumtuma mtu, ndipo mambo husemwa yalivyo. Wenzetu wote wanalijua hilo. Ndiyo yake ya mezani hakuna Mtanzania wa Texas aliyewahi kuitegemea.

Kocha alifuta mdomo, akamtazama baba, akauliza kwa Kiingereza: basi, tumeelewana? Binti ni wetu?

"Yes, yes," baba akasema. "No problem. No problem at all."

Kocha alisimama akampa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la juisi. Ningeweza kusema neno. Nilimimina juisi.

Kocha hakujua kwamba kuna kesho yake. Kesho yake ilipofika alikuwa ameshawaambia wote. Makaratasi ya kusaini yangekuja Jumatano, shuleni wakaanza kuandaa meza ukumbini na kitambaa chenye rangi za chuo, ili nisaini mbele ya wote, na mwalimu mkuu akanipongeza kwenye kipaza sauti. Baba alishangaa. "Mbona mbio hivi?" alimuuliza mama. Lakini hakupiga simu. Pongezi zilikuwa zimeanza kuingia, na kila pongezi ilimfunga zaidi. Shangazi alituma ujumbe wa sauti wa vigelegele vitupu.

Mimi nilikuwa siwezi kula. Kila nikifumba macho niliiona ile mashine.

Jumanne mchana nilipata meseji ya yule kocha mama. Alisema amesikia, ananitakia heri, lakini nafasi yangu ataishika mpaka nitakaposaini, kwa sababu watu hubadili mawazo na si dhambi. Niliisoma chooni shuleni mara nyingi nisiyoweza kuhesabu.

Baba alirudi kazini saa kumi na moja jioni. Hata begi hakuwa ameweka chini nilipomwambia.

"Baba, sitaki ku-sign kesho."

"Unasemaje?"

"Sitaki kwenda Houston."

Alikaa kwenye mkono wa kochi, jambo alilotukataza sisi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yule mtu amekula nyumbani kwake, ameshikana naye mkono, na sasa nataka aonekane tapeli mbele ya Wazungu. Akataka sababu. Nikasema ni mbali. Akasema shangazi yuko hukohuko. Nikasema ni kukubwa mno, nitapotea. Akasema hakuvuka bahari ili watoto wake waogope majengo. Nikasema biolojia. Akauliza, kwani kule hawana?

Sababu zilikuwa zimeniishia.

"Mguu unaniuma, baba. Tangu September. Nadhani umevunjika ndani."

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Nilijua jibu, na nililiogopa kuliko yote yaliyotangulia. "Niliogopa utasema haina shida."

Baba alisimama, akafunga vifungo vyote vya koti lake, akachukua simu na kupiga akiwa wima. Alimuuliza kocha habari za mkewe. Akauliza habari za mvua ya Houston. Nilimwona akizunguka zunguka, mtu mzima anayetafuta mlango. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba mtoto wake ni mgonjwa wa mguu na kesho hatasaini.

Nilimsikia kocha akisema anasikitika, tumpelekee majibu ya daktari, ataangalia, atatupigia. Baba akamshukuru mara nne.

Mama alipotoka zamu alinivua soksi, akabonyeza ugoko, nikapiga yowe. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Ijumaa picha ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa, nikapewa magongo. Baba aliituma Houston saa ileile, na barua ya heshima juu yake. Yule kocha mama nilimpigia mwenyewe. Aliuliza mguu upi, akauliza nimepumzika siku ngapi, akasema nafasi iko palepale. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nilidhani hofu imeisha. Lakini baba alianza kuweka simu mezani wakati wa kula, sauti juu kabisa, jambo ambalo halikuwahi kuruhusiwa nyumbani kwetu. Wiki ikapita, na nyingine. Hakuwa akingoja chuo tena, chuo tulikuwa tumeshapata. Alikuwa akingoja salamu.

"Mzee, huyo hapigi," mama alimwambia Jumapili moja.

"Atapiga," baba akasema. "Alikaa kwenye kiti hiki akala. Hawezi kusikia mtoto anaumwa, asiulize amelalaje."

Mama alinitazama, nikatazama sahani yangu. Niliogopa uso wa baba ungekuwaje siku atakapoelewa, na kwamba mimi ndiye nimemfikisha hapo. Nikainuka kwa magongo yangu, nikaenda kupunguza sauti ya televisheni ili simu ikilia aisikie.