Nguo Tatu za Mpangaji

Mama mdogo wangu anafanya kazi maktaba ya manispaa, kwenye chumba cha nyuma ambako vitabu vipya huvalishwa plastiki na vya zamani hugundishwa migongo. Nyumbani ana ugonjwa mmoja tu: hukusanya riwaya ileile iliyotolewa na wachapishaji wa nchi mbalimbali, kila moja na jalada lake, akazipanga kwenye kabati la vyombo na kuzikagua kama mtu anayetazama picha za harusi ya adui yake.

"Oneni," hutuita. "Kwa hawa shujaa ana ndevu. Kwa wale hana hata kichwa, ni mgongo tu unaokwenda zake. Na hawa wameweka ndege. Ndege wa nini? Humu ndani hamna ndege!"

Sahani zetu zilishahamia kwenye boksi jikoni.

Bibi, mama yao yeye na mama yangu, hafurahii. Kwake, mwanamke aliyepita arobaini na kabati limejaa kitabu kimoja ni mwanamke aliyekata tamaa. Lakini mama mdogo alikuwa hajakata tamaa, alikuwa anachagua. Wachumba wawili aliwarudisha, mmoja kwa kudanganya kuhusu mke, mwingine kwa kudanganya kuhusu kazi. Tangu hapo sharti lake lilikuwa moja na mtaa mzima ulilijua: awe mfupi, awe na kitambi, awe na upara, mradi asiwe mwongo.

Ndipo akaja Sentimita.

Sentimita ni fundi cherehani wa barabara ya sokoni. Jina alipewa kwa sababu utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake, hata msibani. Kwamba anampenda mama mdogo hakikuwa kitu cha kuficha; alishaposa, na alikuwa anangoja jibu. Sketi yake moja aliifumua na kuishona upya mara tatu, akidai kiuno hakijatulia. Akaulizia anapenda nini. Akaambiwa vitabu. Basi kila Jumapili akawa anapita kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na kituo, halafu anakuja kwetu na mfuko wa karatasi.

Jumapili ya kwanza kilitoka kitabu kiitwacho *Mpangaji wa Juu*. Jalada jeusi, mkono wenye glavu umeshika bastola.

"Nimekisoma mwenyewe kwanza, Madam," alisema, amekaa ukingoni mwa kochi kama anayengoja kuitwa na daktari. "Muuaji yule, we! Nimelala taa inawaka."

Mama mdogo alilitazama jalada, akamtazama fundi, akasema ahsante. Mama yangu alinifinya paja. Kitabu hicho tulikijua. Ndicho kilichojaza kabati, nyuma ya mgongo wa mgeni, hata katika jalada lenye paka.

Jumapili iliyofuata akatoa kingine. *Mpangaji wa Juu*. Safari hii mwanamke mwembamba mwenye gauni jekundu amelegea mikononi mwa mwanamume aliyesahau kufunga vifungo vya shati.

"Hiki ni mapenzi matupu," alisema Sentimita. "Nimelia, Madam. Nimelowesha suruali ya mteja."

Ya tatu lilikuja jalada jeupe lenye kiti kimoja katikati na maandishi madogo kama sisimizi.

"Na hiki kinahusu nini, mwanangu?" aliuliza Bibi, ambaye hakuwa na habari.

Fundi alikitazama kile kiti kwa muda.

"Kinahusu kiti, Mama."

"Kinafanya nini, hicho kiti?"

"Kinangoja."

"Kinamngoja nani?"

"Ndiyo utamu wenyewe huo, Mama. Hawasemi."

Mama mdogo aliondoka taratibu, akarudi na vile viwili vya kwanza, akavipanga vyote mezani kati ya vikombe. Akafungua kila kimoja mwanzo wa sura ya kwanza.

"Hebu tusomee mstari wa kwanza, fundi. Wa kila kimoja."

Fundi akakohoa, akashika chenye bastola. "'Mpangaji alifika na sanduku moja na kikohozi.'" Akashika cha gauni jekundu. "'Mpangaji alifika na sanduku moja na...'" Sauti ikapungua. Akachungulia cha kiti bila kukigusa, kama anayechungulia kisima.

"Mwandishi huyu," alisema hatimaye, "anajirudiarudia."

Mama yangu alitoka mbio kwenda jikoni, tukasikia kicheko chake kikigonga masufuria.

"Ni kitabu kimoja," alisema mama mdogo. "Kila nchi imekivalisha inavyopenda. Bastola ni kiberiti tu cha mpangaji, kina umbo hilo, anawashia sigara. Gauni ni la mama mwenye nyumba, limeanikwa kwenye kamba, sura ya tano. Kiti kinavunjika. Hakuna anayeuawa humu na hakuna anayebusiwa."

"Mimi nilidhani sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu," alisema Sentimita. "Jina moja, lakini nguo tofauti, nikajua na mtu tofauti."

"Ulisema umesoma."

Nilitamani kochi linimeze kwa niaba yake. Sentimita alivuta utepe shingoni, akaukunja, akaukunjua.

"Sijasoma hata ukurasa, Madam. Tangu nitoke shule sijamaliza kitabu. Nilikuwa natazama jalada, nakisia."

"Mwache mtoto wa watu anywe chai," alisema Bibi. "Hata mimi sijasoma, na nimeolewa."

"Mama, sharti unalijua."

"Nalijua. Lakini ameshakiri!"

Mama mdogo alifikiri. Kisha akavisukuma vitabu vyote kwa fundi. "Chukua kimoja, chochote. Ukikimaliza kweli, rudi nikujibu. Usipokimaliza, usirudi."

Akachukua chenye gauni jekundu. Tabia ya kazi.

Jumapili ikapita, na nyingine. Badala ya fundi wakaja wateja wake. Mmoja alisimama mlangoni kwetu mikono kiunoni: "Dada, mwambie mtu wako aache kusoma! Gauni langu la ubatizo liko mezani halina mikono, na mtoto anabatizwa keshokutwa!" Mwingine alisema alimuuliza fundi suruali yake iko wapi, akajibiwa, "Ngoja kwanza, mama mwenye nyumba ameshapanda ngazi." Bibi aliguna, akasema tumemharibia mtu akili na biashara.

Mama mdogo kila Jumapili alivaa ile sketi.

Fundi alipotokea hakubisha hodi. Aliingia na kitabu juu, amekasirika.

"Nani kachora hili?" Akalibamiza mezani. "Mama mwenye nyumba ni mnene! Imeandikwa, anashika ukuta akipanda ngazi! Hili gauni lisingempita hata bega. Na si jekundu, ni la kijivu, vifungo mgongoni!"

"Kumi na viwili," alisema mama mdogo polepole.

"Kumi na viwili! Na yule mpangaji wako mshenzi tu. Anaondokaje bila kuaga?"

"Asingeweza kuaga. Angeaga, asingeondoka."

"Basi asingeondoka!"

"Humwelewi kabisa yule mtu."

"Namwelewa sana, mwoga!"

Walisimama pua kwa pua, kitabu katikati. Chai ikapoa. Bibi alishika kichwa. "Wanagombana. Basi tena, ndoa imekufa."

"Tulia, Mama," alinong'ona mama yangu. "Umemwona lini akigombana na mtu kwa furaha hivi?"

"Jibu langu ni ndiyo," alisema mama mdogo, akihema. "Lakini kuhusu mpangaji umekosea."

"Hilo sikubali."

"Hukubali kunioa?"

"Kukuoa nakubali, nani kasema sikubali! Nasema mpangaji angeaga!"