Koo la Kupandishia Matofali

Mume wangu walimwita Tarumbeta, na kwa miaka kumi na minane alipandisha matofali kwa koo. Sisemi aliyabeba. Alisimama chini ya jengo, akaita, matofali yakapanda.

Mambo yalikuwa hivi. Dereva wa winchi alikaa nyuma ya mabati, haoni ndoo wala mtu, na mashine ya zege ikinguruma hapati neno hata moja. Alichopata ni mlio tu. Tarumbeta akipandisha sauti, naye anapandisha ndoo. Akiishusha, ndoo inashuka. Ungeweza kumtukania ukoo mzima, mradi sauti inapanda, tofali lako litafika. Msiniulize kwa nini hawakununua filimbi. Wanaume kumi na saba wenye kofia ngumu, hakuna aliyewaza.

Basi akaota tezi shingoni, hospitali wakalitoa. Akarudi anaongea vizuri, anakula vizuri, ananinunia vizuri. Jumatatu akaenda kazini, akaita, "Juuu." Sauti ikalala palepale kama ng'ombe aliyeshiba. Akajikaza, ikaporomoka, na ndoo ikazama mpaka kwenye shimo la choo. Kufika Jumatano kila kitu pale kilikuwa kimeshuka, fundi mwashi mmoja akiwemo, na wapita njia wakaanza kuuliza kama panachimbwa handaki.

Msimamizi wa ujenzi, mtu wa tai fupi na maneno mafupi, akamwita.

"Ijumaa napanda ghorofa ya nne kukagua. Nisipofika, wewe kaa nyumbani moja kwa moja."

Tukarudi hospitali. Daktari, binti mpole, akanichorea. Kusoma sijui, lakini picha hainishindi.

"Mama, ona. Kooni kuna pete ya gegedu. Juu yake imekaa ngao, ndiyo hii inayotokeza mbele kwa wanaume. Vimeungana kwa bawaba huku na huku. Ndani, nyuzi za sauti zimetoka kwenye ngao, zikaenda kushikizwa nyuma, juu ya pete."

"Kama kamba ya kuanikia nguo."

"Hivyo hivyo. Sasa hapa mbele, kati ya pete na ngao, kuna msuli mdogo, mmoja kila upande. Ukijikunja, pete na ngao zinakaribiana, nyuzi zinavutika, sauti inapanda. Misuli mingine ya humo inatumia mshipa mwingine wa fahamu. Huu una wake, na tulipotoa tezi mshipa huo ulichubuka."

"Utapona?"

"Huenda. Ni suala la miezi."

"Sisi tuna siku mbili," akasema Tarumbeta, kama anayeongelea ndani ya pipa.

Daktari, ili nielewe, akamwekea kidole gumba kwenye pete na cha shahada juu ya ngao, akavisogeza taratibu vikutane. Mume wangu akatoa sauti ya kwaya ya wasichana. Nikasema inatosha, kazi nimeiona.

Ijumaa nikavaa kofia ngumu, nikapanda juu ya kopo la rangi nyuma ya mume wangu, nikamshika koo. Msimamizi akaingia kwenye ndoo na makaratasi yake.

"Shemeji anamnyonga mzee," fundi mmoja akanong'ona.

"Achana nao," mwenzake akamjibu. "Ya mke na mume hayo."

Nikabana, akaita, ndoo ikapanda kama moshi. Sasa hapa nakiri kosa. Asubuhi ile alikuwa ameniambia chai yangu haina ladha. Nikaikumbuka chai, vidole vikakaza. Ndoo ikapita ghorofa ya nne, ikapita ya tano ambayo hata haijajengwa, ikaelekea kwa ndege.

"Nishusheni, jamani, nishusheni," msimamizi akalia. Hofu ilikuwa imemkunja ule msuli wake, sauti nyembamba kama sindano na inazidi kupanda. Dereva nyuma ya mabati akaisikia, akasema kazi ni kazi, akaongeza mwendo. Mafundi wakapiga kelele kumwonya, nao kwa woga sauti zikapanda. Ndoo ikapanda nazo. Tai ya msimamizi ikaingia kwenye kapi.

Pale uwanjani palikuwa na mtu mmoja tu ambaye woga haukuweza kumpandisha sauti. Nikauondoa mkono kooni kwake.

"Nyamazeni wote," Tarumbeta akasema. "Chiiini."

Ikatoka nzito, ikazifunika zile nyembamba zote. Ndoo ikasita, ikaanza kuteremka, ikiiacha nusu ya tai huko juu. Ilipogusa mchanga, msimamizi akatoka kwa magoti. Akafungua mdomo kumfukuza mtu, kikatoka kilio cha kifaranga, winchi ikashtuka. Akaufunga haraka.

"Kesho uje," akanong'ona. "Na mkeo aje."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Kupandisha kulikuwa kwangu, kushusha kwake.

Mwezi wa saba tangu niajiriwe, nikiwa nasubiri zamu yangu ya kuoga, nikamsikia bafuni anajimwagia maji ya baridi. Akaimba juu, juu kabisa, juu kuliko zamani. Akatoka na taulo, akanikuta mlangoni.

"Umesikia kitu?"

"Kitu gani?"

Akanitazama kidogo. "Basi vaa, mama watoto," akasema kwa sauti nzito aliyoitafuta makusudi. "Tutachelewa kazini."