Namba Mbili Zilizopatana

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi. Haya sikusimuliwa na mtu. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Izia, na yalinipata mchana kweupe, jua linawaka na ule upepo wetu wa Juni unakata masikio.

Gari lilikuwa la shemeji Deo, mume wa dada yangu, mkulima wa kijiji cha Mpui. Lilikuwa linaishiwa nguvu njiani bila sababu. Nikapima, tatizo likaonekana kwenye throtoli, ule mlango unaoingiza hewa kwenye injini. Pale pana sensa mbili, vifaa vidogo vya kupima mlango umefunguka kiasi gani, zinatoa namba mbili kuhusu mlango uleule. Zikipishana, kompyuta ya gari haiamini hata moja. Inawasha taa na kulinyima gari nguvu, lisije likakimbia lenyewe. Nikasafisha, nikakagua nyaya, mwisho nikabadilisha throtoli nzima. Namba zikapatana. Tukatoka kulijaribu barabara ya Mpui, shemeji akiendesha, mimi nikitazama namba kwenye simu yangu. Zilitumwa na kipimio nilichochomeka chini ya usukani.

Nje ya mji tukamkuta mama mzee na kikapu cha ulezi. Akainama kidogo, akapiga makofi polepole, salamu yetu Wafipa. Shemeji akasimamisha gari.

"Shikamoo mama. Panda, twende."

"Marahaba, wanangu."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shemeji akanitania.

Mlango wa nyuma ulipofungwa tu, taa ikawaka. Gari likaanza kutambaa. Namba moja ilisema throtoli imefungwa, nyingine ilisema iko wazi kabisa. Unajua nilifurahi? Fundi hufurahi ugonjwa ukijitokeza mbele ya macho yake. Nikaomba tusimame, nikamwomba mama ashuke. Namba zikapatana. Akapanda, zikapishana. Akashuka tena, nikachukua gunia la mahindi lililokuwa nyuma ya gari, nikaliweka pale alipokaa, tena zito kumzidi. Zikapatana. Amini usiamini, nilirudia mara tatu. Mara ya tatu akaniambia kwa upole:

"Umeshajua, mwanangu. Sasa utafanyaje?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Shemeji alikuwa ameinamia injini, hakusikia.

"Fundi, ugonjwa uko wapi?" akaniuliza akiinuka.

Ningemwambia nini? Kwamba ugonjwa ni mgeni wake? Kwetu mzee haachwi barabarani kwenye baridi, na shemeji ni mtu wa kanisa, angeona nimerukwa na akili. Nikasema, "Ni waya tu." Kisha nikafanya tunachofanya mafundi tukishindwa: nikafuta kosa kwenye kompyuta, taa ikazimika. Mama akapanda, na safari hii haikuwaka. Nikasingizia kwamba narudi gereji kufuata waya mwingine, wao wakaenda zao, nikabaki pale barabarani, mwoga mkubwa.

Kipimio nilikisahau mle garini. Chombo kile hakitumi namba hata ng'ambo ya uwanja wa mpira, lakini gari lilishapotea nyuma ya kilima na simu yangu bado ilionyesha. Namba mbili, zimepatana vizuri kabisa. Ishirini. Arobaini. Sabini. Mia, yaani mlango wazi kabisa. Nikampigia shemeji, hapatikani. Nikakimbia, nikasimama. Nikimbilie wapi, kwa miguu? Ile mia haikushuka. Sijawahi kujiona si kitu kama siku ile.

Gari walilikuta katikati ya shamba la ulezi, shemeji peke yake ndani. Yu hai. Lakini mguu wake wa kulia unakandamiza chini mpaka leo kama anakanyaga mafuta, akila, akilala, na dada huukalia ili apumzike kidogo. Nikienda kumwona huniuliza neno moja tu: "Ulijua?"

Kwa hiyo fundi akikuambia "ni waya tu" na hakutazami usoni, shuka, utembee. Na kama wewe ndiye fundi, sema ulichokiona, hata wakucheke. Mimi ningechekwa siku moja, na shemeji angekuwa shambani kwake.