Mjomba wa Mapipa

Mapipa yaliletwa Kinole, kijijini kwetu mlimani, na taifa rafiki. Ndivyo tulivyoambiwa, na bendera yao ilichorwa ubavuni mwa kila pipa, asije mtu akasahau rafiki ni nani. Ndani mlikuwa na dawa ya wadudu wa kahawa, na yaliwekwa katika ghala la ushirika wa wakulima. Baadaye nilikuja kujua kwamba serikali iliyotuletea ilikuwa imekwisha kuwakataza wakulima wake wenyewe kuitumia. Kwao ilikuwa sumu. Ilipovuka bahari ikawa msaada.

Kisha likaja soko huria. Ushirika ukafa, mtunza ghala akarudi kwao, watu wakang'oa kahawa wakapanda mdalasini na ndizi. Mapipa hayakung'olewa na mtu. Paa likavuja, mapipa yakaota kutu, na mteremko mfupi tu chini ya ghala ndipo ilipokuwa chemchemi ya mama yangu mkubwa, niliyezoea kumwita mama tu.

Alikuwa msukaji wa mikeka. Mikono ikaanza kutetemeka. Akaacha mikeka ya nakshi, akaacha na ile ya kulalia, mwisho hata kikombe cha chai akawa anashikiwa. Majirani waliochota pale wakaanza vilevile. Daktari mmoja mjini Morogoro alituambia ni ile dawa, akatuomba tusimtaje.

Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa ukoo, mwenye shahada ya sheria na tai moja.

"Mwanangu," mama akaniuliza, "hawa wenye bendera tunawashtaki wapi?"

Nikamweleza kwamba dola ngeni haishtakiwi katika mahakama zetu mpaka yenyewe ikubali. Ingekuwa imefanya biashara, pengine tungepata mwanya. Lakini hii ilikuwa zawadi. Nilieleza vizuri sana. Somo hilo nililifaulu kuliko yote.

"Kwa hiyo wangetuuzia, tungewashtaki?"

"Labda, mama."

"Ila kwa kuwa wametupa bure, basi."

"Basi."

Jirani yake, Mzaramo mtani wetu, alikuwa kizingitini akimenya chungwa. "Chuo kimefanya kazi," akasema. "Mtoto alikwenda na akili zetu, amerudi na za wenye mapipa."

Mama hakucheka. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mtu akimdhuru mwenziwe, baba yake haitwi. Huitwa mjomba. Mjomba huja, huketi mkekani, hukiri kosa kwa mdomo wake mbele ya watu, ndipo mengine yazungumzwe. Asipokuja, ukoo wake hauna uso tena.

"Pipa halikujileta," akasema mama. "Lina mjomba wake. Mwambie aje."

Nikafunga tai, nikaenda Dar es Salaam. Ubalozini mlinzi aliniambia malalamiko hupitia serikali yangu. Serikali yangu ilikuwa afisa mmoja mwenye feni. "Unataka tuwatukane wafadhili?" akaniuliza. "Wewe barabara utajenga?" Nilirudi na hasira ambayo sikuwa na pa kuitua.

Haikupita muda, habari zikapanda mlimani: wageni wa taifa lile lile wanakuja kufungua bomba la maji. Mama akasema, "Mjomba huyo." Nilimwambia sivyo. Akaagiza mkeka wake wa mwisho ushushwe darini, ule aliousuka mikono ikiwa mizima, ukatandikwa uani. Wazee wa ukoo wakaja, wakaketi.

Siku ilipofika, mkuu wa wageni alikaribishwa mkekani, akaketi kwa taabu, magoti juu, akitabasamu. Watu wote wakamsubiri akiri. Akazungumzia urafiki. Akazungumzia maji safi. Afisa wa wilaya akatafsiri.

Mama akanyoosha mikono, ikitetemeka kama majani. "Muulize, amekuja kwa ajili ya hii?"

Afisa akamgeukia mgeni, na kwa lugha yake akamwambia: "Bibi anashukuru mpaka anatetemeka."

Lugha ile ndiyo niliyosomeshwa kwayo kwa miaka. "Hakusema hivyo!" nikapiga kelele, nikamtafsiria mgeni neno kwa neno, na mapipa nikayaongeza, na bendera yao.

Tabasamu likamtoka. "Mimi ni mtu wa maji," akajibu. "Hayo ni mambo ya serikali."

"Na wewe umetumwa na nani?" nikamuuliza. "Na mvua?"

Afisa alikuwa amekwisha kunishika shati. Mgeni akainuka, akachukua ndoo mpya yenye bendera ile ile, akampa mama kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Wazee wakainama kutazama. Kwetu ukipokea kitu kutoka mkononi mwa mjomba, shauri limekwisha. Huna dai tena.

Mama akaificha mikono yake ndani ya kanga.

"Kunjeni mkeka," akasema. "Mjomba bado hajafika."

Mama tumekwisha kumzika. Mkeka uko kwangu mjini, umekunjwa. Wageni wakija, nawakalisha kwenye viti.