Kishikwambi Ukutani, Maji Mfereji wa Jirani

Mke wangu alianza kupotea kwenye siku. Mimi ananijua, watoto anawajua, lakini Jumatatu na Alhamisi kwake zikawa kitu kimoja. Kwingine labda hilo ni jambo dogo. Kwetu huku Suji siku ndiyo maji. Tuna bwawa letu la kienyeji, ndiva, maji yanakusanyika humo usiku, asubuhi yanafunguliwa, na kila nyumba ina siku yake. Yetu ni Alhamisi. Yeye akawa anachukua jembe siku yoyote, anakwenda kuziba mfereji na kugeuzia maji kwenye migomba yetu. Na anavyoziba hakosei hata kidogo. Jiwe, udongo, majani ya mgomba, anakanyaga. Mikono haijasahau kitu.

Jirani mwenye Jumanne yake ni mtu wa utani. "Shemeji," akamwambia, "hiyo migomba imenenepa kwa maji yangu, basi hata mkungu mmoja nipe." Tukacheka. Alipokuja tena alikuja kwangu, na hakucheka. "Kaka, maharage yangu yanakauka. Nifanyeje?"

Nikamwambia nitamwangalia. Ni rahisi kusema. Kumwangalia mtu mzima kutwa nzima ni kazi inayochosha kuliko kulima, maana ukilima unapumzika. Mimi nikikaa kwenye kiti na kale kajua ka saa nne, macho yanafunga yenyewe. Nikiamka, jembe halipo.

Binti yetu ana duka la madaftari Same mjini. Aliposikia akasema atamchukua mama yake. Same ni chini huko, joto na vumbi. Mke wangu akishuka, miguu inavimba na anauliza kila saa tunapanda lini. Nilijua akihamishwa harudi tena nyumbani kwake. Hilo ndilo nililoliogopa.

"Baba, tujaribu kitu kimoja kwanza," akasema binti. "Kikishindikana nakuja na gari."

Akaja na kishikwambi cha zamani cha wanawe, kioo kimepasuka pembeni. Michezo yote aliitoa, akaweka saa tu. Akakipigilia ukutani karibu na kalenda ya kanisa, waya wa chaji ukaning'inia. Maandishi makubwa hata mimi niliyeishia darasa la tatu nilisoma bila miwani: jina la siku, chini yake saa, chini kabisa neno, asubuhi au mchana au usiku. Binti akasema wazee wengi wanasaidiwa hivi.

Kesho yake mke wangu akasimama mbele yake, akasoma. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nao ukungu umefunika bonde lote, jua hulioni. Kioo kimeandika nane, na lile neno la chini hakulifikia.

"Saa nane!" akasema. "Na sijapika! Wewe umekaa tu hapo kama mgeni?"

Akaingia jikoni. Tulikula makande saa tatu asubuhi, nami nikala, ningefanyaje.

Nikampigia binti. "Hii saa yako inahesabu kama redio za Wazungu. Irudishe ihesabu kama sisi."

"Baba, hiyo si kazi. Nenda kwenye saa, rudisha nyuma saa sita." Akanielekeza kidole kwa kidole, nikabonyeza, ikakubali. Nilijisifu siku ile. Nilipita kwa jirani nikamwambia mimi sasa ni fundi.

Asubuhi iliyofuata nikamkuta mke wangu amefunga madirisha, amejifunika blanketi.

"Unaumwa?"

"Kumbe wewe huoni? Saa mbili usiku. Njoo ulale, mzee, unatembeatembea nini?"

Nikaenda kuangalia. Ni kweli, kioo kiliandika mbili, na chini yake usiku. Nilirudisha saa, na lile neno nalo likarudi nyuma pamoja nayo. Ilipofika jioni, giza linaingia, kikaandika moja, mchana. Nikamkuta mlangoni na jembe.

"Twende, maji yatapita."

"Giza hili?"

"Soma ukutani. Mimi sisomi vibaya."

Hakusoma vibaya. Tulivutana jembe pale mlangoni, wazee wawili, mpaka akachoka akalia. Mimi nilikaa kwenye kizingiti. Nilichoka hata kuinuka.

Binti sikumpigia. Nilichukua plasta ya kidonda, nikaziba lile neno la chini, kisha nikaziba na saa. Likabaki jina la siku peke yake. Asubuhi akasoma, JUMANNE. "Jumanne ni ya huyu wa utani," akasema, akaenda kuchambua maharage.

Si kila siku. Kuna asubuhi anasoma na bado anatoka. Lakini jirani ameshavuna, tena alituletea debe la maharage mabichi.

Jumapili binti akapanda, akaona plasta. "Baba, umekiua hicho."

"Kinasema kinachotosha."

Akakaa na mama yake barazani mpaka mchana. Alipotoka akaniambia gari halitakuja, walau mpaka kahawa ichumwe. "Au wewe baba umechoka? Sema ukweli."

Nikasema sijachoka. Alivyoondoka nilibaki nimesimama njiani. Nilifurahi kwamba mke wangu anabaki, na papo hapo nikawaza usingizi ambao ningelala kama angekwenda. Halafu nikasikia anaita ndani, anauliza ni saa ngapi, nikaingia kumwambia.